Mita Mia Tisa Alizobakiza Gaspari

Simu ya wifi yangu Frida ilinikuta Lusahunga, Jumamosi saa nne asubuhi, mikono yangu ikiwa imejaa unga. Nina mgahawa pale njia panda, na saa hizo madereva wa malori ya Rusumo huwa wanagombea chapati. Mume wangu, Mhoja, ndiye aliyebonyeza kitufe, akanishikia simu sikioni.

"Leonsia, Mhoja yuko karibu nawe?"

"Ndiye aliyenishikia simu. Ninakanda."

"Acha kukanda. Kaka yako ametutoka."

Niliuliza wapi. Akasema Kabirizi, pale mikaratusi inapoanzia, kwenye saa tatu hivi, walikuwa wanapima. Kisha nikauliza neno ambalo hadi leo najishangaa kuliuliza, Mungu anisamehe.

"Mmefika wapi?"

"Zimebaki mita mia tisa," Frida akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Mhoja aliwaambia wateja kwamba jiko limefungwa, kuna msiba. Hakuna aliyelalamika. Dereva mmoja aliyezoea kula kwangu aliacha sahani yake katikati, akaniambia, "Mama, panda, nakupeleka mpaka Benaco." Nilipanda na nguo zilezile za unga. Njia nzima nilishika rozari bila kusali vizuri, kwa sababu kichwani nilikuwa nahesabu mita.

Inafaa nieleze kaka yangu alikuwa nani, maana waliomjua Ngara walimjua kwa jina la utani, Setilaiti, na wengine walidhani ni mtu wa kuchekwa.

Gaspari Niyibizi alizaliwa Murunyinya, kijiji chetu kilicho juu ya mgongo wa mlima, mwaka 1975, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Mimi ni wa tano. Alimaliza darasa la saba, akakosa nafasi ya kuendelea, akabaki na migomba ya baba. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na kujaa Benaco, wageni waliokuja kuwapelekea maji walihitaji vijana wa kubeba vyombo. Gaspari alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimpa kushika fito ndefu yenye namba, ambayo mafundi huiita stafu. Kazi yake ilikuwa kuisimamisha wima, asiitikise, huku mpimaji akiisoma kwa mbali kupitia chombo chenye kioo na miguu mitatu, kiitwacho leveli.

Wenzake waliiona kazi ya kijinga, kusimama na mti kutwa nzima. Yeye aliuliza maswali. Jioni alikuja nyumbani akatupanga sisi wadogo zake mmoja nyuma ya mwingine kwenye mteremko, anatuonyesha jinsi maji yanavyojua kitu ambacho macho hayajui. "Jicho linadanganywa na mlima," alisema. "Maji hayadanganywi." Mama akamwambia aache kutuchezea, kuna ndizi za kumenya.

Kutoka Benaco alihamia kambi ya Lukole, na huko alikaa miaka mingi. Kambi zilipofungwa, mpimaji wa mwisho kuondoka alimwachia leveli kuukuu pamoja na stafu yake. Tangu hapo alikuwa kibarua wa kila mtu aliyepima kitu katika wilaya mbili, Ngara na Biharamulo: viwanja, barabara, visima, shule. Akiwa na miaka thelathini na tano alijifunza kompyuta katika ofisi ya parokia, kwa ruhusa ya paroko, baada ya Misa za asubuhi. Huko ndiko alikozipata picha za setilaiti, na hakuziacha tena. Alichora ramani ya chemchemi zote za kata yetu. Alikaa na wazee akiwaonyesha nyumba zao kutoka juu, na bibi mmoja akauliza kama aliyepiga ile picha alimwona akioga.

Alizipenda picha zile. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kuna watu waliosema alikuwa mzee mkaidi anayeogopa mambo mapya. Si kweli. Aliziamini kupita kiasi, na hapo ndipo alipokosea.

Miaka sita kabla ya kifo chake, kijiji kimoja cha Biharamulo kilimwomba asaidie kupanga bomba la maji ya kuteremka yenyewe, bila mashine. Ingebidi apime kwa leveli. Lakini alikuwa na ramani ya mwinuko iliyotokana na setilaiti, kila sehemu na urefu wake juu ya bahari, na kazi ya wiki tatu ikaisha kwa siku moja mezani. Aliwapa namba. Watu walichimba kwa mikono yao, kila kaya kipande chake. Siku ya kufungua, padre alibariki, koki ikazungushwa, ukatoka upepo. Walisubiri wiki. Walisubiri mwezi. Mimi naishi karibu na huko, niliyaona yale mabomba: mbuzi walikuwa wanajikuna mbavu juu yake.

Gaspari alirudi na leveli, akapima peke yake, akagundua. Chanzo kilikuwa ndani ya msitu wa misonobari. Chombo cha angani kilikuwa kimepima vilele vya miti, si ardhi. Ramani ilikuwa imekipandisha chanzo kwa urefu wa mti mzima.

Alikwenda kanisani kwao Jumapili, akasimama baada ya matangazo, akawaambia kosa ni lake. Mzee mmoja akamjibu, "Tumekusamehe, lakini usituombe tuchimbe tena." Maneno hayo aliyarudia kwangu mara nyingi. Hakusema yanamuuma. Alisema tu, "Leonsia, watu huchimba mara moja."

Sasa nije Murunyinya.

Kijiji chetu hakijawahi kuwa na maji. Wanawake wanateremka bondeni na kupanda, mimi nimefanya hivyo hadi nilipoolewa, na mama alifanya hivyo hadi alipokufa. Mwaka jana mradi ulikuja. Maji yangetoka chemchemi ya Kabirizi, kilomita sita kutoka kwetu, yangeshuka bonde la katikati na kusukumwa na uzito wake yenyewe kupanda hadi tangi la juu ya Murunyinya. Mabomba yaliletwa yakapangwa kando ya barabara. Wananchi wangechimba mtaro. Michoro iliandaliwa na kampuni moja ya washauri, na msimamizi wao alikuwa mhandisi kijana, binti wa miaka ishirini na tisa, jina lake Agness.

Ramani ilisema Kabirizi iko juu ya tangi kwa mita kumi na mbili. Hakuna aliyeweza kubisha. Kati ya sehemu hizo mbili kuna bonde na vilima, ukisimama huku huoni kule.

Gaspari aliomba kuona michoro, wakampa. Aliiangalia usiku mmoja na asubuhi akaenda ofisini kwa Agness. Nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao hayapishani sana.

"Mhandisi, hii barabara inayopita Kabirizi unaifahamu?"

"Shikamoo mzee. Naifahamu, nimeipita kwa gari."

"Marahaba. Ulipanda mlima wowote ulipoingia kwenye mikaratusi?"

"Hapana. Ni tambarare."

"Angalia ramani yako. Barabara inakwenda vizuri, inafika kwenye miti, inaruka mita ishirini na moja juu. Inatembea huko juu kama mita mia nane, kisha inaruka tena chini. Mimi nimeipita kwa baiskeli tangu ujana wangu, sijawahi kuruka."

Agness alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema makosa madogo ya namna hiyo huwa yanasawazishwa ofisini, na kwamba michoro imeshapitishwa. "Baba, setilaiti haichoki wala haina haraka."

"Wala haina miguu," Gaspari akamjibu. "Chini ya mti haifiki, na chemchemi iko chini ya miti hiyohiyo."

Siku ya pili alimpelekea namba za GPS ya mkononi. Agness alizikataa, na kwa haki: kile kifaa kidogo kinaweza kukosea mwinuko hata kwa mita kumi. Akamwambia jambo ambalo lilikuja kuwa mzigo wa siku zake zilizobaki. "Nikisimamisha mradi kwa maneno matupu, nitafukuzwa na maji hayatakuja. Niletee vipimo vya leveli, kwenda na kurudi, vifungwe. Visipofungwa, siwezi kuvipeleka kwa mtu yeyote."

Kufunga vipimo ni hivi. Unaanza chemchemi, unapima hatua kwa hatua hadi kwenye tangi. Kisha unarudi kwa kupima upya hadi pale ulipoanzia. Kama ulisema umepanda mita tisa wakati wa kwenda, lazima ushuke mita tisa wakati wa kurudi. Zikipishana kwa sentimita chache, kazi ni safi. Usiporudi mpaka mwanzo, hata kama umebakiza kidogo, hakuna anayejua kama uliteleza mahali.

Kilomita kumi na mbili, basi, kwa vipande vya mita thelathini au arobaini, maana milima yetu hairuhusu kuona mbali zaidi. Mtaro ulikuwa uanze kuchimbwa Jumatatu baada ya wiki saba. Gaspari alikuwa na presha. Daktari alishamkataza kupanda milima, na Frida alimkumbusha kila siku. Alimjibu kwamba hapandi, anapima. Frida aliona hawezi kumzuia, akachukua stafu.

Mimi nilikwenda kusaidia Jumamosi mbili. Nilimkuta na tabia iliyonikwaza. Kila aliposimamisha chombo, alihamisha punje moja ya rozari.

"Kaka, unaifanya rozari ya Mama Maria kuwa ya kuhesabia vituo?"

"Nasali Salamu Maria moja kila kituo. Nikipotea hesabu, rozari inajua."

"Na ukikosea kusoma kwa sababu unasali?"

"Ndiyo maana nasali kwanza, nasoma baadaye."

Alinifundisha kushika stafu, nami nilidhani najua tangu utotoni. "Usiiegemee. Wewe si mlevi na yenyewe si ukuta." Alipochoka yeye alikuwa anakaa chini, anajifanya anasafisha kioo. Niliona midomo yake imebadilika rangi. Nilimwambia tupumzike hadi wiki ijayo. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa Kiswahili.

Alipofika kwenye tangi safari ya kwenda, daftari lilisema Kabirizi iko chini ya tangi kwa mita tisa na sentimita nne. Chini, si juu. Alimpigia Agness. Agness akamwambia, "Funga, baba." Akaanza kurudi. Alitia alama ya rangi nyekundu kwenye mawe njiani ili akikatishwa na mvua aweze kuendelea alipoishia.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya mtaro. Frida alinisimulia nilipofika, tukiwa tumekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Walikuwa wametoka nyumbani alfajiri. Kwenye jiwe la mwisho kabla ya mikaratusi, Gaspari aliinama kwenye chombo akakaa kitambo kirefu.

"Akasema, Frida, simamisha vizuri, inatikisika. Nikamwambia, mimi sitikisiki, Baba Danstan, ni wewe. Akasoma. Akaandika. Akapaka jiwe rangi. Halafu akakaa chini, akalala ubavu, nikajua."

Alinipa daftari. Lilikuwa limefungwa kwa mpira. Ukurasa wa mwisho mwandiko ni wake uleule, namba zimesimama vizuri, hakuna iliyofutwa.

Mwili ulipelekwa hospitali kusubiri Danstan, mtoto wao mkubwa, anayefanya kazi Mwanza. Maziko yakapangwa Jumanne. Jumapili mchana, baada ya Misa, mwenyekiti wa kijiji, Benedicto, alikuja kutoa pole, na nyuma yake akaja Agness, kitenge amekifunga juu ya suruali. Alimshika Frida mkono muda mrefu.

Benedicto alisema msiba ni wa kijiji kizima, lakini mradi una ratiba, na mtaro ungeanza kesho kama ulivyotangazwa. Watu wangechimba asubuhi na kuja msibani mchana.

Shangazi yetu Eustakia, ambaye kwa Kihangaza tunamwita masenge, alikuwa amelala kwenye kona ya mkeka, nasi tulidhani amesinzia. Ana miaka themanini na mbili. Aliinuka.

"Mwenyekiti, huyu mtoto amezikwa?"

"Bado, mama."

"Tangu lini Murunyinya tunashika jembe mtu akiwa hajazikwa?"

"Mama, mtaro si shamba. Hatulimi, tunachimba tu."

"Kwa jembe?"

"Kwa... ndiyo, majembe na sururu."

"Baba yako alipokufa, mimi nilikuwa na mahindi yanaozea shambani. Sikugusa. Nilikaa hapo kwenu siku tatu, nakunywa uji wenu mbaya. Kamwambie aliyeandika ratiba kwamba hapa kuna kaburi moja la kuchimba, na ni hilo tu litakalochimbwa."

Wanawake waliitikia. Benedicto alimtazama Agness, Agness akatazama chini. Kwetu hilo halina mjadala: mtu akifa kijijini, udongo haukatwi mpaka atakapozikwa, isipokuwa udongo wake. Mtaro ukasogezwa hadi Jumatano.

Hapo nikaona kwamba tumepewa siku moja, nami naamini ni Mungu aliyeitoa, ingawa ilipitia kinywani mwa masenge. Nilimfuata Agness nje, karibu na banda la mbuzi.

"Mhandisi, daftari hili hapa. Zimebaki mita mia tisa."

Alilifungua, akapitisha kidole chini ya namba. "Nilimwambia afunge," akasema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia hivyo nikidhani atachoka, ataacha."

"Hakuacha. Wewe unajua kusoma leveli?"

"Nilijifunza chuoni."

"Basi kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenye jiwe jekundu na stafu. Kama hutaki kuja kama mhandisi, njoo kama mtu aliyekuja msibani."

Alikubali. Niliporudi ndani, masenge alikuwa ameshasikia, sijui kwa masikio gani.

"Dada wa marehemu anakwenda kuzunguka porini na fito, kaka yake hajazikwa? Watu watasema nini?"

"Masenge, nisipokwenda kesho, Jumatano watachimba. Watachimba kilomita sita kwa mikono yao, na maji hayatakuja. Na wao hawatajua kwa nini. Watasema Setilaiti alikuwa mchawi wa mabomba."

Akauliza, "Hiyo fito inakata udongo?"

"Haikati. Inasimama juu ya jiwe."

"Basi si jembe. Nenda. Lakini ujifunge kitambaa kichwani, na usichekecheke na huyo binti njiani."

Jumatatu saa moja Agness alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kando ya jiwe jekundu bila kulikalia. Leveli ya Gaspari niliibeba mwenyewe mgongoni kwa kanga. Aliikagua, akaigeuza, akasema ni kuukuu kuliko yeye, lakini inasimama sawa.

Tulianza. Vituo vya kwanza alisoma polepole, akirudia kila namba mara mbili, mimi nikiandika kwenye daftari lilelile chini ya mwandiko wa kaka. Ilikuwa vigumu kuandika pale. Tulipoingia kwenye mikaratusi, Agness alisimama akatazama juu. Miti ile ilipandwa baada ya kambi kufungwa, milima ilipokuwa imeachwa bila kuni wala kivuli, na sasa ili uone kilele lazima uegemeze shingo nyuma kabisa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nilipita hapa kwa gari," akasema. "Vioo vimefungwa."

Niliweka stafu juu ya jiwe.

Ndani ya msitu kulikuwa na vichaka, ikabidi vipande viwe vifupi, mita kumi na tano, mita ishirini. Nilisali Salamu Maria moja kila kituo. Sikuwa na nia ya kuhesabu, nilisali tu. Mkono wangu wa kulia ulianza kuuma, nikabadilisha, na Agness akapaza sauti kutoka kwenye chombo, "Dada, inaegemea kushoto." Nikainyoosha. Kwenye saa sita mchana tulisikia maji. Mahali Gaspari alipoanzia palikuwa na msumari juu ya mwamba, umezungushiwa rangi. Niliweka stafu juu yake. Agness alisoma, akarudia, akasoma mara ya tatu.

Alijumlisha akiwa amepiga magoti, daftari juu ya paja. Mimi nilikaa pembeni, sikuthubutu kuangalia. Nilikuwa nafikiri: kama kaka alikosea mahali, hata mara moja, katika jua lile na moyo ule, yote ni bure, na kesho kutwa majembe yatashuka.

"Kwenda, mita tisa na sentimita nne," akasema Agness. "Kurudi, mita tisa kamili."

"Zinapishana."

"Sentimita nne. Kwa kilomita kumi na mbili." Alifunga kalamu. "Kosa linaloruhusiwa ni zaidi ya sentimita sita. Dada Leonsia, kazi imefungwa. Maji ya hapa hayawezi kufika Murunyinya."

Nililia kwa habari ile mbaya kama mtu aliyeletewa njema. Yeye hakulia. Alipiga picha kila ukurasa wa daftari, akapiga picha ya msumari na ya miti, kisha akapanda hadi barabarani kunapopatikana mtandao, akapiga simu. Nilisikia upande wake tu. "Hapana, si kifaa cha mkononi. Leveli. Kwenda na kurudi... Mimi mwenyewe... Ndiyo, naelewa michoro imesainiwa, na sahihi mojawapo ni yangu... Basi niandikieni barua, lakini kwa sahihi yangu mtaro hauchimbwi." Alipomaliza aliniambia kuna chemchemi nyingine juu zaidi, ambayo Gaspari aliichora kwenye ramani yake ya kata na kampuni yao iliiacha kwa sababu iko mbali. Itapimwa, akasema. Kwa miguu.

Jumanne tulimzika.

Mwili ulifika nyumbani saa tatu asubuhi, Danstan akiwa amekaa kando ya jeneza kwenye gari. Tuliufungua uso wake sebuleni na watu wakapita, kwanza Frida na watoto, kisha sisi ndugu, kisha kijiji. Masenge aliinamishwa na watu wawili. Alimgusa paji la uso, akamwambia jambo kwa Kihangaza ambalo nitalihifadhi.

Misa ilifanyika nje kwa sababu watu hawakuenea ndani. Baada ya Misa zilisomwa salamu. Benedicto alisoma historia fupi ya marehemu, akakosea mwaka wa kuzaliwa, akarekebishwa. Kisha akampa nafasi Agness. Alisema kwamba mtaro wa kesho umesimamishwa, kwamba michoro ilikuwa na kosa, kwamba kosa hilo lilionwa na Mzee Gaspari na kuthibitishwa na vipimo vyake, na kwamba yeye kama mhandisi anawaomba radhi marehemu na familia yake. Hakurefusha. Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Kwa hiyo maji hayaji?" Agness akasema, "Yatachelewa. Lakini hamtachimba bure." Watu walinung'unika kidogo, kisha wakatulia.

Jeneza lilibebwa na vijana sita hadi kwenye migomba, ambako wamelala baba na mama. Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi. Padre alinyunyiza maji ya baraka na kufukiza ubani, tukaimba, jeneza likateremshwa kwa kamba. Frida aliweka udongo wa kwanza, akafuata Danstan na wadogo zake, kisha mimi. Vijana wakafukia, wakipokezana. Msalaba wa mbao ulisimikwa kichwani, umeandikwa jina lake na tarehe mbili. Tuliweka mataji, la mke, la watoto, la ndugu, la jumuiya, na moja lililoletwa na wanakijiji wa Biharamulo, walewale wa bomba kavu, ambao walikodi gari wakaja watu kumi na wanne. Katekista aliongoza sala ya mwisho. Tulinawa mikono, tukala, na kufikia saa kumi wageni wa mbali walikuwa wameshaanza kuondoka.